Faneli inasoma sekunde 40, mbona shimo bado linasumbua?

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi sanifu kwenye mradi wa nguzo za msingi za kuchimbwa, kipenyo mita 1, kina mita 28. Juu kuna mchanga laini, kwenye mita 15 hivi kuna tabaka la changarawe, chini ni udongo mfinyanzi mgumu. Tunachimba kwa tope la bentonaiti linaloshikilia kuta za shimo. Kila asubuhi napima tankini kwa faneli ya Marsh, nikihesabu sekunde ambazo tope huchukua kutoka, na kupata sekunde 38 hadi 42. Mkataba unataka 32 hadi 50. Hata hivyo tumepata matatizo matatu. Shimo la kwanza, tulipogusa changarawe kimo cha tope kilishuka ghafla. La pili, zege lilichelewa mpaka asubuhi, tukakuta mchanga wa nusu mita umelala chini. La tatu liko jirani na nguzo iliyomiminwa zege siku mbili kabla. Humo tope liligeuka zito, faneli ikasoma sekunde 75. Msimamizi akaamuru tuongeze maji, sekunde zikarudi 40, tukamimina zege. Yeye anasema bentonaiti ni bentonaiti, kinachotakiwa ni sekunde tu. Je, tope letu ni zuri au baya? Na kuongeza maji ni sahihi?"

Ndugu yangu, habari ni njema, na pole na kazi. Nakushukuru kwa kutaja kina, tabaka na namba, maana wengi huuliza bila hivyo na kumwacha mjibu akipapasa gizani. Ninavyokuelewa, kinachokusumbua ni kwamba kipimo kinakwambia tope ni zima, shimo linakwambia vingine, na sahihi kwenye fomu ni yako.

Nitoe hukumu kwanza, sababu zifuate. Tope lako la asubuhi, likiwa bado tankini, inawezekana kabisa ni zuri. Tope la shimo la tatu halikuwa zuri hata baada ya faneli kurudi 40, na kuongeza maji hakukulitibu; kuliificha tu dalili. Mashimo mawili ya mwanzo yana sababu tofauti kabisa, na katika lile la pili huenda tope halina kosa lolote.

Tuanzie ndani ya tope lenyewe, kwa sababu bila kujua kilichomo, namba zote zinabaki za kukariri. Bentonaiti ni udongo ambao sehemu yake kubwa ni madini ya montimorilonaiti. Chembe zake ni vibamba vyembamba mno, unene wa karibu nanomita 1 na upana wa hata mamia ya nanomita. Nyuso za vibamba zina chaji hasi ya kudumu, kwa sababu ndani ya kibamba baadhi ya nafasi za alumini zimeshikwa na magnesiamu. Kingo ni habari nyingine: chaji ya kingo hubadilika kufuata pH, yaani kipimo cha uasidi au ubesi, na pH ikiwa ya chini huweza kuwa chanya. Katikati ya vibamba hukaa ayoni za kusawazisha chaji hiyo hasi. Zikiwa za sodiamu, maji huingia kwa wingi, vibamba huachana mpaka vinaelea kimoja kimoja, na gramu 1 ya udongo hufungua uso wa zaidi ya mita za mraba 700. Zikiwa za kalsiamu, ambayo ina chaji mbili, vibamba hubaki vimeshikana katika vifurushi; maji yanaingia kidogo, udongo unavimba kidogo. Ndiyo maana bentonaiti ya kalsiamu huamilishwa kiwandani kwa magadi soda (kabonati ya sodiamu) kabla ya kupakiwa kwa kazi kama yenu. Kwa hiyo kauli ya kwamba bentonaiti ni bentonaiti haina msingi: mifuko miwili yenye jina moja, ukiitia kwa kilo zilezile katika maji yaleyale, inaweza kukupa matope mawili yasiyofanana.

Vibamba vilivyoachana vikitulia, vinaegemeana, kingo kwa uso na kingo kwa kingo, mithili ya nyumba ya karata iliyojaa maji. Kilo 40 tu za udongo katika mita 1 ya ujazo zinatosha kuujaza mtandao huo tangi zima. Likorogwe, mtandao unavunjika na tope linatiririka. Liachwe, mtandao unajijenga upya na tope linaganda kuwa jeli. Halijakauka wala halijaharibika. Likorogwe tena litatiririka tena. Kazi yote ya tope la kuchimbia inategemea tabia hii ya kwenda na kurudi.

Hapo ndipo tope linapotofautiana na maji. Maji yana ukinzani wa aina moja: kadiri unavyoyasukuma kwa kasi ndivyo yanavyokinza, na usipoyasukuma hayakinzi chochote. Tope lina ukinzani wa aina mbili. Kuna mkazo wa kuanzia, yaani msukumo ambao chini yake tope halisogei kabisa. Kwenye karatasi za maabara utauona kwa herufi YP. Na kuna mnato wa mwendo, ambao ni ukinzani unaoongezeka tope likishaanza kwenda. Huo huandikwa PV. Mmarekani Eugene Bingham alieleza tabia ya namna hii mwaka 1916, na hesabu zake rahisi bado zinatumika viwanjani. Juu ya hayo mawili weka muda: mkazo wa kuanzia wa tope lililotulia sekunde 10 si sawa na wa tope lililotulia dakika 10, wala wa lililolala usiku kucha. Huo unaokua kwa kutulia ndio huitwa nguvu ya jeli.

Sasa faneli. Hallan Marsh aliieleza mwaka 1931 kwa ajili ya visima vya mafuta, na sifa yake kubwa ni kwamba haina cha kuharibika na mtu yeyote anaweza kuitumia. Unaijaza lita 1.5, unaachia kidole, unahesabu sekunde. Kabla ya lolote, angalia kikombe chenu kinapokea kiasi gani. Desturi ya Marekani ni mililita 946, na hapo maji safi hutoka kwa sekunde 26. Wengine hupima lita 1 kamili, na maji hutoka kwa sekunde 28. Kwa tope zito tofauti hiyo inakuwa kubwa zaidi. Nimeona viwanja ambako maabara na fundi walibishana wiki nzima, kumbe vikombe vilikuwa viwili tofauti. Kila asubuhi pitisha kwanza maji safi. Yasipokupa namba yako, osha tundu kabla ya kulaumu tope.

Lakini hata ikitumiwa vizuri, faneli ina upofu wake. Tundu lake ni la milimita 4.76, na tope linapopita humo linasuguliwa kwa nguvu. Mtandao wa vibamba umeshavunjika tangu ulipokuwa unamimina. Sekunde unazopata ni mchanganyiko wa mkazo wa kuanzia, mnato wa mwendo na hata uzito wa tope, kwa kuwa tope zito linajisukuma lenyewe litoke haraka. Kwa mfano, tope moja linaweza kuwa na mkazo mkubwa wa kuanzia na mnato mdogo wa mwendo, jingine likawa kinyume chake kwa sababu limetiwa polima, na yote mawili yakasoma 40. La kwanza litashikilia mchanga. La pili litauangusha huku likiwasumbua kulisukuma kwa pampu. Faneli haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Ilikusudiwa kukuambia jambo moja: je, tope la leo limebadilika kulinganisha na la jana? Kwa kazi hiyo ni nzuri sana, nami nisingependa uiache.

Kifaa kinachotenganisha hayo ni viskometa ya mzunguko. Unasoma kwenye mizunguko 600 kwa dakika, kisha 300. Toa ya pili kutoka ya kwanza, umepata mnato wa mwendo katika milipaskali-sekunde. Toa mnato huo kutoka somo la 300, kisha zidisha kwa 0.48, umepata mkazo wa kuanzia katika paskali. Ukisoma 24 na 17, mnato ni 7. 17 toa 7 ni 10, na mkazo ni paskali 4.8. Kisha ukoroge tena, uache sekunde 10, usome kwenye mizunguko 3. Rudia baada ya dakika 10. Masomo haya mawili ya jeli ndiyo ningeyatazama kwanza katika kazi yenu, kwa sababu mkazo unaotokana na 600 na 300 ni makisio yaliyovutwa kutoka kwenye mwendo wa kasi, na kwa tope lililotulia au linalosogea polepole mara nyingi hutofautiana na hali halisi.

Kabla ya shimo la kwanza kuna dhana moja inayohitaji kuondolewa, kwa kuwa imeenea hata kwa wahandisi: kwamba tope hushikilia kuta kwa sababu ni zito. Kilo 40 za bentonaiti katika mita 1 ya ujazo huinua uzito mpaka takriban 1.025 ukilinganisha na maji. Hiyo ni tofauti ndogo mno. Kinachoshikilia kuta ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Kwanza, kimo cha tope ndani ya shimo kukaa juu ya maji ya ardhini, angalau mita 1, na zaidi kidogo ni bora. Pili, kizuizi ukutani kinachofanya ziada hiyo ya shinikizo isukume ukuta badala ya kuvuja. Katika mchanga laini kizuizi ni ukoko: maji ya tope huchujika kidogo kuingia ardhini, vibamba hubaki ukutani na kutengeneza utando wa milimita chache usiopitisha maji kirahisi.

Katika changarawe matundu ni makubwa, vibamba havina pa kukwama, na ukoko hauundiki. Tope huingia ndani ya ardhi mpaka mkazo wake wa kuanzia ulisimamishe. Umbali huo hukadiriwa hivi: zidisha ziada ya shinikizo kwa kipenyo ambacho asilimia 10 ya chembe ni ndogo kuliko hicho, kisha gawa kwa mara mbili ya mkazo wa kuanzia, wapo wanaogawa kwa 3.5 badala ya 2. Tuseme maji ya ardhini yako mita 3 chini, tope limejaa mpaka juu, na uzito wake ni 1.05. Kwenye mita 15 ziada ya shinikizo ni karibu kilopaskali 37. Kwa mchanga wenye kipenyo hicho cha milimita 0.1 na mkazo wa paskali 5, tope lingepenya sentimita 37, na kwa kweli ukoko utalisimamisha mapema zaidi. Kwa changarawe yenye milimita 4, hesabu hiyohiyo inatoa karibu mita 15. Halitafika huko, kwa sababu shimo litaishiwa tope na shinikizo litashuka kwanza. Hicho ndicho mlichokiona.

Hatari yake si hasara ya bentonaiti pekee. Kimo kikishuka karibu na cha maji ya ardhini, ule mchanga laini wa juu, ambao haukuwa na tatizo, unapoteza kilichokuwa kinausukuma na unaweza kuporomoka. Tatizo linaanzia mita 15, maporomoko yanatokea mita 5.

Je, suluhisho ni bentonaiti zaidi? Hesabu inajibu. Ukiongeza mkazo mara tatu, mpaka paskali 15, kupenya kunapungua kwa theluthi mbili na kubaki karibu mita 5. Bado ni nyingi, na sasa umejipa tope ambalo zege litashindwa kulisukuma kutoka kati ya nondo. Kinachosaidia zaidi ni kuziba matundu: mchanga laini kiasi ndani ya tope, au vizibaji vinavyouzwa kwa kazi hiyo, vinakwama kwenye matundu ya changarawe na kumpa kibamba mahali pa kushika. Hapa kuna kejeli kidogo: tope jipya kabisa lililotoka kuchanganywa ndilo linalovuja vibaya zaidi kwenye changarawe, na lililotumika, lenye mchanga kiasi, huziba vizuri. Kwa hiyo usikimbilie kusafisha kila punje mkiwa mnakaribia tabaka hilo. Usafi utaudai kabla ya zege. Njia ya uhakika kuliko zote ni bomba la kinga la chuma kuvuka changarawe. Ni ghali na linachelewesha kazi, lakini kama nguzo nyingi zinavuka tabaka hilohilo na kuna majengo karibu, mimi ningelidai. Vyovyote mtakavyoamua, tangi la akiba lenye tope la kutosha kujaza shimo zima liwe tayari na pampu imeshaunganishwa kabla bucketi, ile ndoo ya kuchimbia, haijagusa mita 14. Shimo lenu ni mita za ujazo 22.

Shimo la pili. Nusu mita ya mchanga inatisha ukiitazama, lakini fanya hesabu. Kipimo cha mchanga kwa bomba la kioo husoma ujazo wa mchanga uliolala kama asilimia ya tope. Kina cha mita 28 chenye asilimia 4, ambayo ndiyo kikomo kinachoruhusiwa kabla ya zege katika viwango vya Ulaya vya EN 1536 na EN 1538, kina mchanga wa kulala zaidi ya mita 1. Nusu mita yenu ni chini ya asilimia 2. Yaani tope lililofaulu mtihani jioni linaweza kabisa kuacha hiyo asubuhi.

Utauliza, jeli si ilipaswa kushikilia mchanga? Ilipaswa, na kwa sehemu kubwa ilifanya hivyo. Ili punje isizame kwenye tope lililotulia, mkazo unaohitajika ni takriban sehemu moja ya ishirini ya kipenyo chake ukizidisha kwa tofauti ya uzito kati yake na tope. Kwa punje ya milimita 2 hiyo ni kama paskali 1.5 tu, kwa kokoto ya milimita 10 ni karibu 7.6. Shida ni kwamba bucketi inapotoka, tope limetoka kukorogwa na mtandao wa vibamba umevunjika. Katika dakika hizo za mwanzo, kabla jeli haijajijenga, punje kubwa zinashuka. Ndiyo sababu nilisema uitazame jeli ya sekunde 10: hiyo ndiyo inayoamua ni kiasi gani kinashuka kabla jeli haijashika. Jeli ya dakika 10 inakueleza upande wa pili, yaani ugumu mtakaopata kulitikisa tope hilo tena.

Kuna uwezekano mwingine ambao lazima uuondoe, kwamba mchanga ule haukutoka kwenye tope bali uliporomoka kutoka ukutani usiku. Nusu mita ni kama mita za ujazo 0.4. Angalia kumbukumbu za zege: kama shimo lilimeza zaidi sana ya 22, na hasa kama kuzidi huko kulionekana zege lilipofika kwenye mchanga wa juu, basi ukuta ulikatika. Angalia pia kama kimo cha tope kilishuka usiku bila mtu kuongeza.

Kilichoniudhi katika simulizi yako ni kule kusubiri. Ukoko ukutani unaendelea kunenepa kadiri tope linavyokaa, takriban kwa kipeuo cha pili cha muda, hivyo saa 12 zinakupa ukoko wa mara tatu na nusu ya ule wa saa 1. Ukoko mnene ni utelezi kati ya zege na ardhi, na nguzo inayotegemea msuguano wa ubavuni inapoteza uwezo. Zege likichelewa namna ile, utaratibu ni huu: shusha bucketi ya kusafishia, pitisha upya ukutani kidogo kukwangua ukoko, zungusha tope kupitia mashine ya kutoa mchanga, kisha chukua sampuli karibu na kitako cha shimo. Sampuli ya juu haina maana yoyote kwa uamuzi wa kumimina zege. Na hapo ndipo udai asilimia 4, uzito usiozidi 1.15, na sekunde kati ya 32 na 50. Hujaniambia kama mlisafisha. Kama hamkusafisha, nitalirudia hilo mwishoni.

Shimo la tatu ndilo linalonitia wasiwasi. Zege la siku mbili bado linatoa kalsiamu na ubesi mkali. Tope lenu lilipokutana nayo, ayoni za kalsiamu ziliingia kati ya vibamba na kufukuza sodiamu. Vibamba vilivyokuwa vinasukumana mbali vikaanza kugandana. Mwanzoni mabonge yanakamatana na tope linakuwa zito ghafla, hizo sekunde 75. Yakiendelea, yanajikusanya katika vifurushi vinene, maji yanajitenga juu, na tope linaweza hata kuwa jepesi lenyewe bila mtu kuongeza kitu.

Maji mliyoongeza yalipunguza idadi ya mabonge katika kila lita. Hayakuondoa kalsiamu. Kwa hiyo faneli ikasoma 40, lakini ni 40 ya mabonge machache badala ya 40 ya vibamba vingi vilivyoachana. Tofauti ungeiona kwenye kipimo cha kuchuja, kile cha dakika 30 chini ya shinikizo la bar 7. Tope jipya linapaswa kupoteza chini ya mililita 30, linalotumika tena chini ya 50, na ukoko usizidi milimita 3 kwa jipya na 6 kwa la kutumika tena. Tope lililogandishwa na saruji hupita mipaka hiyo kwa urahisi: ukoko wake ni mnene, laini, na unavuja. Katika mchanga wenu laini maana yake ni kwamba shinikizo la tope liliingia ardhini badala ya kuusukuma ukuta.

Dalili ya haraka ni pH. Karatasi ya pH ingekupa jibu kwa sekunde chache: kikomo cha tope la kutumika tena ni 12, na la saruji mara nyingi liko hapo au juu. Dawa, kama uchafuzi ni mdogo, ni bikaboneti ya sodiamu. Hiyo hukamata kalsiamu na kuigeuza kabonati ya kalsiamu isiyoyeyuka, na haiongezi ubesi kwa kiasi ambacho magadi soda yangeongeza. Watu wengi huyachanganya hayo mawili. Magadi soda ni sahihi kwa maji magumu kabla ya kutia bentonaiti, ambapo pH ni ya kawaida na unataka kuipandisha kufikia 8.5 hadi 9.5. Lakini kwa tope ambalo tayari lina ubesi wa saruji, yanazidisha tatizo moja huku yakitatua lingine. Jaribu kwanza kwenye ndoo, upime faneli, pH na mchujo kabla ya kutia tangi zima. Uchafuzi ukiwa mkubwa, litoe lote. Na mkimimina zege, mita chache za tope zinazotoka mwisho, zile zilizokuwa zimegusana na zege linalopanda, zisirudi tankini kamwe.

Maandalizi ya tope nitayapitia haraka kwa sababu masomo yako ya asubuhi yanaonyesha mnayafanya vizuri. Maji yawe matamu. Yakiwa ya chumvi bentonaiti ya kawaida haivimbi ipasavyo. Mchanganyio uwe wa kasi, kisha tope liachwe saa 12 hadi 24 vibamba vifunguke. Tope lililotumika saa 1 baada ya kuchanganywa litaendelea kupanda sekunde likiwa shimoni, na mtu atadhani ni uchafuzi. Polima, kama mnazo, zitiwe baada ya udongo kuvimba, siyo kabla.

Kuhusu fomu yako: pamoja na faneli, omba mizani ya tope kwa uzito, bomba la mchanga, karatasi za pH na kifaa cha mchujo. Vyote hivyo vinaingia kwenye kibanda kimoja. Viskometa inaweza kukaa maabara na kupimwa kila tope jipya linapochanganywa na kila faneli inaporuka zaidi ya sekunde 5 bila sababu inayojulikana. Namba za tankini na za shimoni ziandikwe kwenye safu tofauti. Ukichanganya, utajidanganya mwenyewe kwanza.

Sasa mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa kalamu. Nguzo ya tatu imeshamiminwa zege ndani ya tope lililogandishwa, na ya pili huenda imesimama juu ya mchanga. Mjulishe mhandisi mshauri kwa maandishi, ukiambatanisha masomo yote ikiwemo ile 75, kabla nguzo hizo hazijafungwa kichwani. Kama mabomba ya kupimia kwa mawimbi ya sauti yaliachwa ndani ya nondo, apime nguzo zote mbili. Kama hayakuachwa, kipimo cha kugonga kichwa kwa nyundo kitaonyesha kasoro kubwa za ubavuni, lakini kwa mchanga ulio chini ya kitako hakitegemeki. Hapo inabidi kutoboa kiini mpaka kitako au kuipima nguzo kwa mzigo. Uamuzi wa kipi kifanyike unategemea mzigo wa nguzo na kama uwezo wake umehesabiwa kwa ubavu au kwa kitako, na hayo yako kwenye michoro yake, si kwenye barua yako.

Na tope likishuka tena ghafla mkiwa mnachimba, kila mtu aondoke ukingoni kwanza. Jazeni tope la akiba. Likishindwa kushika kimo, rudishieni shimo udongo mara moja na muiteni mhandisi wa miamba na udongo aje mwenyewe kabla hamjachimba tena hapo, hasa kama kuna ukuta, barabara au bomba lililozikwa karibu.